Tumbo la Huruma la Dresa Owuor

Nicodemus Owuor alikuwa na siri moja tu maishani, nayo ilikaa tumboni. Mtu akitapika mbele yake, naye hutapika. Hakuwa na namna ya kulizuia. Awe ameshiba, awe ameshinda njaa, awe amefunga na kuomba, tumbo lake halikujali. Likisikia tumbo la mwenzake limelia, nalo huitikia, kama waumini wanavyoitikia amina.

Sasa mtu mwenye tumbo la namna hiyo ungemshauri afanye kazi gani? Alime viazi Molo. Akamue ng'ombe Njoro. Apige mihuri kwenye mizigo ya stesheni. Kazi zote za duniani zingemfaa isipokuwa moja, na hiyo moja ndiyo aliyokwenda kuichagua. Owuor alikuwa dresa, yaani yule msaidizi wa hospitali anayefunga vidonda, anayepima homa na kushika beseni. Tena hakupangiwa wodi ya watoto wala ya waliovunjika miguu. Alipangiwa wodi ya wanaume waliotoka kupasuliwa, katika hospitali moja ya mjini Nakuru ambayo sitaitaja jina, kwa kuwa wenye hospitali ile walikuwa watu wa kukasirika upesi.

Msimcheke bado, muda wa kumcheka utafika. Baba yake alikuwa mchochea moto wa garimoshi, mtu mweusi kwa masizi kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Owuor akiwa na miaka kumi na miwili alimwona dresa wa misheni amevaa koti jeupe lenye vifungo vitano, akaapa kwamba naye atavaa jeupe au atakufa. Hakuna aliyemwambia kuwa koti jeupe na beseni ni mtu na ndugu yake. Alipokuja kujua, alikuwa ameshaajiriwa, ameshaoa, na koti limeshapigwa pasi.

Siku za kupasua zilikuwa Jumanne na Ijumaa. Wakati ule wagonjwa walilazwa kwa itha, dawa kali ya kunusishwa, na mtu aliyelala kwa itha akiamka hutapika kama anadaiwa. Ikifika saa sita mchana wodi nzima ilikuwa inaimba, kitanda hiki kikianzisha na kile kikidakia, na Owuor katikati na beseni lake, macho juu darini, midomo ikisali.

Miaka sita aliishi hivyo. Alikuwa na mbinu zake. Mkewe Truphosa alimkaushia tangawizi, akawa anaweka kipande chini ya ulimi. Aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini, jambo lililowafanya wagonjwa wamwone mcha Mungu. Mbinu zote zikishindwa, na kwa kawaida zilishindwa, kulikuwa na mlango mdogo nyuma ya stoo ya mashuka. Mlango ule ulitokea kwenye bustani ya mawaridi ya Sista Thornley. Owuor alikuwa akitoka pale kwa heshima, akiinama kama mtu anayefunga kamba za viatu, kisha akirudi amefuta mdomo na kuendelea na kazi.

Huyu Sista Thornley ndiye aliyekuwa mkuu wa wodi, mama Mzungu mrefu, mnyoofu, mwenye saa kifuani na jicho la kipanga. Kabla ya Owuor, dresa wa wodi ile alikuwa kijana mmoja aitwaye Gachanja. Siku moja Gachanja aliona damu akazimia. Sista alisubiri azinduke, akamwagiza avue koti, akamwambia wodi si mahali pa watu dhaifu, arudi kulima. Chumba cha mtaa wa Bondeni alichokuwa akilala Gachanja kilikuwa cha kazi, kwa hiyo kabla jua halijatua kitanda chake kilikuwa nje barabarani na kuku wamekipanda. Chumba hicho hicho ndicho alichopewa Owuor. Alikuwa akilala humo na Truphosa na watoto wao wawili, na kila alipotazama ukuta alimkumbuka Gachanja na wale kuku.

Hiyo ndiyo hofu aliyokuwa nayo, na msomaji aijue mapema: Sista akijua habari za lile tumbo, kazi imekwenda, na chumba kimekwenda nayo.

Mwaka 1957, mvua za masika zilipoanza, akaja Daktari Mascarenhas. Alikuwa Mgoa mwembamba aliyesoma Bombay miaka saba, mpole, mwenye miwani iliyokuwa ikiteleza puani. Jina lake liliwashinda watu, wakamwita Daktari Maska, naye akaitika. Daktari Maska alichukia kutapika kuliko maradhi yote. Alisema mtu aliyeshonwa tumbo halafu akatapika ni sawa na mtu aliyefunga mlango halafu akaupiga teke mwenyewe. Akaleta vikopo viwili vya vidonge, kimoja chenye kifuniko chekundu na kingine cha kijani.

"Owuor, sikia," alimwambia, kwa Kiswahili chake cha kujifunzia sokoni. "Hapa iko dawa ya kuzuia kutapika. Dawa mpya. Kopo moja iko dawa, kopo ingine iko chaki na sukari kidogo, mimi mwenyewe natengeneza, lakini vidonge nafanana sawasawa. Mimi hapana jua dawa iko wapi. Wewe hapana jua. Sista peke yake najua, yeye natia vidonge ndani ya kopo na nafunga siri ndani ya bahasha."

"Sasa, Bwana Daktari, kwa nini tuwape watu chaki?"

"Kwa sababu mtu nikimwambia hii dawa, yeye napona kwa furaha tu! Mimi nataka kujua kama ni dawa nafanya kazi, ama ni furaha."

Owuor aliona maneno haya ni ya mtu aliyesoma mno. Mpango ulikuwa hivi: vitanda vilikuwa kumi na viwili, sita upande huu na sita upande ule, vimehesabiwa kwa kufuatana. Moja, tatu, tano na wenzao wapewe kidonge cha kopo jekundu. Mbili, nne, sita na wenzao wapewe cha kijani. Owuor apewe daftari na penseli iliyofungwa kamba, na kila mtu akitapika, achore mstari mmoja mbele ya namba ya kitanda chake.

Ilikuwa heshima kubwa. Katika wodi ile hakuna Mwafrika aliyewahi kupewa penseli yenye kamba. Lakini jaribuni kuona mateso yake! Zamani aliweza kutazama dari. Sasa alitakiwa atazame beseni, tena aamue kama huku ni kutapika kweli au ni kichefuchefu tu, na kama ni mara moja ndefu au mara mbili fupi. Wiki ya kwanza alitoka kwenda kwenye mawaridi mara tisa.

Hata hivyo aliiombea ile dawa. Katika Koloni nzima hapakuwa na mtu aliyeiombea kama yeye, si Daktari, si wagonjwa wenyewe. Ikifanya kazi, wodi itakauka, na wodi ikikauka, yeye ataishi. Alifika mahali pa kuiombea Jumapili kanisani kwa jina, na kwa kuwa hakuweza kulitamka jina lake, alisema, "Bwana, lile kopo, unalijua mwenyewe."

Wiki tano zikapita. Alhamisi jioni Daktari Maska akakaa na daftari akajumlisha mistari. Vitanda vya kopo jekundu, mistari sitini na moja. Vitanda vya kopo la kijani, mistari sitini na moja. Akajumlisha tena kuanzia chini kwenda juu. Sitini na moja, sitini na moja. Miwani ikateleza ikaanguka mezani.

"Owuor," akasema kwa unyonge, "dawa na chaki iko sawasawa. Hii dawa ni bure. Jumamosi natuma barua Nairobi, narudisha vikopo, maneno kwisha."

Owuor alirudi Bondeni kwa miguu akijiona kama mtu aliyefiwa.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, siku ya kupasua. Kitanda namba nne alilala Mzee Kiplangat, mkamuaji wa ng'ombe kutoka shamba la Mzungu mmoja huko Njoro, ambaye alikuwa ameshonwa ngiri siku tatu nyuma na sasa alikuwa anaketi akitoa maoni. Kitanda namba tatu alilala Karanja, mpasua mbao wa Molo, aliyekuwa ametolewa kidoletumbo asubuhi ile. Wawili hawa walikuwa wamefahamiana kwa siku mbili tu, na tayari waligombana kama mke na mume.

Saa sita ilipofika Karanja akaamka, akafungua jicho moja, akaanza. Namba nane akaitikia. Namba kumi na moja akachukua sauti ya chini. Owuor alikuwa katikati ameshika beseni kwa mkono mmoja na penseli kwa mkono mwingine, na tangawizi yake ilikuwa imekwisha tangu saa nne. Uso wake ulianza kubadilika rangi. Akapiga hesabu ya hatua kutoka pale mpaka mlango wa stoo, akaona hazitatosha.

"Wewe kijana," Mzee Kiplangat akamwita. "Kuja hapa."

"Ngoja kidogo, Mzee."

"Hakuna kungoja. Mimi nimekuangalia siku tatu. Wewe unaumwa kushinda hawa watu." Akaingiza mkono chini ya mto akatoa nusu ya kidonge, imekatwa vizuri kwa meno. "Kunywa hii. Hii ni yangu mwenyewe. Ile nusu ingine nimempatia Karanja."

Owuor hakuwa na nafasi ya kufikiri. Alimeza bila maji. Akashika chuma cha kitanda, akafumba macho, akangoja aibu.

Aibu haikuja. Namba nane alitapika tena, Owuor akamtazama, tumbo likanyamaza. Akamwendea Karanja, akamshikia beseni, akachungulia ndani kabisa kama mtu anayetafuta sarafu kisimani. Tumbo lilikuwa tulivu. Akachora mstari wake vizuri. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita Owuor alisimama katikati ya wodi inayotapika akajisikia njaa. Nusura alie kwa furaha. Dawa inafanya kazi!

Ndipo akili yake ikamfikia, imechelewa kidogo, inahema.

"Mzee," akasema, "umesema ile nusu nyingine umempa nani?"

"Karanja. Na yeye akanipatia nusu yake."

"Kwa nini?"

Mzee Kiplangat alimtazama kwa huruma. "Sasa mimi nile dawa peke yangu, jirani ananitazama? Mimi ni fisi?"

"Mwenye kula peke yake hufa peke yake," Karanja akasema kutoka ndani ya beseni.

Owuor akauliza kitanda baada ya kitanda. Namba moja alikuwa akigawana na namba mbili. Namba saba alikuwa akigawana na namba nane. Wote! Tangu wiki ya kwanza! Mgonjwa mgeni akilazwa, jirani humfundisha: hapa uji ni saa moja, Sista ana hasira, na kidonge hukatwa katikati. Kizuri kula na nduguyo, na watu waliofundishwa hivyo tangu wakiwa mgongoni mwa mama wangewezaje kumeza kitu kizuri kutoka kwa daktari huku jirani ametoa macho? Kwamba jirani naye amepewa chake halikuwa jambo la kuzuia. Ugali wa jirani nao ni ugali, lakini mnaonja. Na Owuor, ambaye kazi yake ilikuwa kuona, hakuona, kwa sababu kila alipogawa vidonge alikuwa akitazama dari.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Jirani wa tatu ni nne, na jirani wa moja ni mbili. Kila mwenye kopo jekundu alilala kando ya mwenye kopo la kijani. Kila mtu wodini alikuwa amemeza nusu dawa na nusu chaki, kwa haki kabisa, wiki tano. Ndiyo maana sitini na moja kwa sitini na moja.

Saa saba alikwenda nyumbani kula, akamweleza Truphosa. Truphosa ndiye mtu pekee aliyeijua siri, na alikuwa na ulimi. Watu wakimuuliza mumewe anafanya kazi gani, alikuwa akijibu kwamba ameolewa na beseni.

"Basi kamwambie Daktari kuwa wanagawana," akasema.

"Ataniuliza nimejuaje kuwa dawa inafanya kazi."

"Utamwambia ukweli."

"Sista atasikia. Unamkumbuka Gachanja?"

Truphosa alitazama kile chumba kimoja, kitanda, jiko la makaa, na watoto wawili waliokuwa wakigombania kijiko. 

"Mficha maradhi kifo humuumbua," akasema mwishowe. "Na wewe umeyaficha miaka sita, mimi nikikausha tangawizi kama mtu wa duka. Nenda. Tukifukuzwa nitabeba kitanda mimi, wewe ubebe beseni lako."

Saa tisa Owuor aligonga mlango wa ofisi. Akamkuta Daktari Maska anaandika ile barua, na Sista Thornley amesimama dirishani akitazama mawaridi yake. Akaanza kwa upande ulio salama: akaeleza habari ya kugawana, nusu kwa nusu, fisi na jirani. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Lakini imechelewa, Owuor. Madaktari wakubwa wa Nairobi nasema wiki tano, basi. Mimi nikiomba wiki ingine sita, wao naniuliza: iko alama gani ya kuonyesha dawa ni nzuri? Mimi nijibu nini? Alama hapana."

Owuor akatazama dari. Dari ya ofisi ilikuwa safi kuliko ya wodi.

"Alama iko, Bwana Daktari," akasema. "Alama ni mimi."

Akasema yote. Hakubakiza tangawizi, hakubakiza nyimbo za kanisani. Akasimulia ile nusu ya Mzee Kiplangat na jinsi tumbo lilivyonyamaza kama mtoto aliyepewa ziwa. Daktari alikuwa ameshika miwani mkononi. Sista Thornley aligeuka polepole kutoka dirishani.

"Wewe natapika kila Jumanne na Ijumaa," akasema. "Miaka sita."

"Ndiyo, Sista."

"Mimi siku zote napita wodini, hapana ona. Wewe natapika wapi?"

Hapa Owuor alitamani ardhi ipasuke. Lakini mtu aliyekwisha kuvua nguo sharti aoge.

"Kwenye mawaridi, Sista."

Ni lazima mjue kuwa mawaridi yale yalikuwa maarufu. Kila mwaka Sista Thornley aliyapeleka kwenye maonyesho ya maua ya mama wa Kizungu, na kwa miaka minne mfululizo alirudi na utepe wa bluu. Tepe zote nne zilikuwa ukutani, juu ya kichwa cha Daktari. Wenzake walimwuliza anaweka mbolea gani, naye alijibu kuwa siri ni udongo wa Nakuru na mkono wenye subira. Sasa alizitazama tepe zile moja baada ya nyingine. Shingo yake ikawa nyekundu, kisha masikio.

"Maneno haya," akasema kwa sauti nyembamba, "hapana toka nje ya hii chumba."

"Hapana, Sista."

"Yote. Ya wewe na ya mimi."

"Ndiyo, Sista."

Na hapo Owuor, ambaye hakuwa mjinga hata kidogo, alielewa kuwa koti lake limebaki mgongoni.

Daktari Maska aliichana barua. Tatizo likabaki moja, namna ya kuwazuia watu kugawana. Sista alisema atatoa amri. Owuor akaomba radhi akamwambia kuwa watasema ndiyo kwa mdomo na kukata kwa meno chini ya blanketi, maana hiyo kwao si sheria ya kuvunjwa, ni adabu.

"Waacheni wagawane," akasema. "Lakini mtu hugawana na jirani. Hakuna mgonjwa wa kushonwa atakayeshuka kitandani avuke njia kumpelekea mtu wa upande wa pili. Upande wa kushoto wote tuwape kopo moja. Upande wa kulia wote, kopo lingine. Wakatiane mpaka wachoke, watakuwa wanapeana kitu kile kile."

Daktari akachukua daftari, akapiga mstari chini ya kitanda cha kumi na mbili, akaandika: kumi na tatu, Owuor.

"Na wewe pia namezwa kidonge kila asubuhi," akasema, akiwa na furaha hata Kiswahili kikamtoroka. "Wewe iko mgonjwa bora kabisa. Wengine natapika siku moja, wewe hapana kosa hata siku moja!"

Sista akabadilisha vikopo, akaandika siri mpya, akaweka bahasha mbili kabatini, ya zamani na mpya. Vidonge vya Owuor vilikuwa kwenye pakiti ya peke yake, na hakuna aliyemwambia vimetoka kopo gani. Akawa anameza kimoja saa moja asubuhi, anaingia wodini amenyoosha kifua.

Wiki sita hizo ndizo zilikuwa raha ya maisha yake. Upande wa kulia ulitapika kama zamani. Upande wa kushoto ulikauka, watu wakaamka kwenye itha wakiuliza chakula. Karanja, aliyerudishwa kwa ajili ya mshono uliofunguka, alilazwa kushoto safari hii, akaagiza viazi vya kuchoma kabla hajajua yuko wapi. Na katikati ya njia alitembea Owuor, beseni mkononi, akitazama kila kitu bila kupepesa, akichora mistari. Hakutoka kwenye mlango wa stoo hata mara moja. Tangawizi ya Truphosa ikaingia kwenye chai ya watoto.

Jumamosi ya mwisho wakakutana ofisini wote watatu kufungua bahasha. Daktari Maska hakuwa amelala vizuri. Jumatatu alitakiwa asimame Nairobi mbele ya madaktari wakubwa asome hesabu zake, na tangu alfajiri tumbo lilikuwa linamsokota. Alikuwa amesukuma kando mkate wake na chai yake.

"Kushoto, mistari kumi na tisa," akasoma. "Kulia, mistari sabini na nne. Kitanda namba kumi na tatu, hapana mstari hata moja."

Owuor akatabasamu kwa kiburi cha haki.

Sista akapasua bahasha. "Kushoto, dawa," akasoma. Daktari akapiga meza. "Kulia, chaki." Akapiga tena. "Namba kumi na tatu." Sista akasita, akasogeza karatasi karibu na macho. "Chaki."

"Soma tena, Sista," Daktari akasema.

"Chaki. Na sukari kidogo."

Owuor alisimama akifikiri. Kitu kilikuwa kinamkuna. "Sista," akasema, "ile nusu ya Mzee Kiplangat je? Duru ya kwanza, kitanda namba nne, kopo la kijani."

Sista akachukua bahasha ya zamani, akaifungua, akasoma kimya, akamtazama kwa macho ambayo, kwa mara ya kwanza, hayakuwa ya kipanga.

"Kijani, chaki," akasema.

Basi! Mke, watoto, chumba cha Bondeni, koti lenye vifungo vitano, vyote alikuwa ameviweka mezani kwa ajili ya nusu kipande cha chaki kilichokatwa kwa meno ya mzee. Hofu ya siku ile ikamrudia sasa, mara mbili yake. Tumbo likajipindua. Sista aliliona, akanyakua chombo cha maua mezani, akatupa mawaridi, akamkinga nacho. Wakangoja. Owuor akapumua. Tumbo likatulia lenyewe.

"Kumbe wewe hapana kuwa na ugonjwa," Daktari akasema polepole. "Ile siku mzee nakuona, kisha wewe nasema mbele ya sisi, basi. Labda ilikuwa woga wa kujulikana, Owuor. Woga tu."

"Labda, Bwana Daktari," Owuor akajibu. "Naomba kitu kimoja. Lile kopo la chaki lililobaki, nipewe."

"Ya kazi gani? Sasa wewe najua ni chaki!"

"Najua. Lakini inanifaa."

Sista Thornley alikwenda kabatini, akaleta lile kopo, akamkabidhi. Owuor akalifungua papo hapo, akatoa kidonge kimoja. Alikuwa ameshakipeleka mdomoni alipomwona Daktari Maska: uso umempauka, jasho kwenye paji, mkono mmoja juu ya tumbo, na Nairobi inamngoja Jumatatu.

Owuor akakata kidonge kwa meno, akampa nusu.

"Mimi si fisi, Bwana Daktari," akasema.

Na Daktari Maska, aliyesoma Bombay miaka saba, aliyetengeneza ile chaki kwa mikono yake mwenyewe, akaitazama, akaimeza, akavuta mkate wake karibu akaanza kula.